Visu Vingapi Vinatosha?

Nina visu 31. Vimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu, hapa Nachingwea, kila kimoja kimefungwa kitambaa. Vipo vya mpini wa mpingo, vipo vilivyofuliwa kwa springi ya lori, lipo na jambia nililoletewa kutoka Unguja, ambalo halijawahi kukata hata kamba. Masika kutu ikianza, namaliza Jumapili nzima nikisugua kwa msasa na kupaka mafuta. Jikoni mama ana kisu kimoja tu, kimenolewa mpaka kimekuwa chembamba kama mwezi mwandamo. Siku moja akaniuliza: "Hivi mwanangu, hivyo vyako vinasubiri nini?" Nikacheka. Lakini jibu sikuwa nalo.

Washkaji wananiambia tafuta sanduku kubwa zaidi. Mimi naona huo ni mtego. Kama sanduku ndilo mpaka, basi mpaka utahama kila nikipata hela.

Aristotle, yule Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha siasa. Alisema mali ya kweli ni zana za kuishi, na zana za ufundi wowote zina kikomo, kwa ukubwa na kwa idadi. Hebu ipime hoja hiyo. Seremala anajua anahitaji patasi ngapi, kwa sababu kazi yenyewe inamwambia. Mkusanyaji hana wa kumwambia. Kisu changu cha kwanza nilikihitaji, cha pili nilikipenda. Kuanzia cha kumi, kusema kweli, nilikuwa nahesabu tu.

Cha 32 nilikipata Ruangwa, mwezi wa Februari, wakati pesa ya korosho imeshakwisha majumbani na mahindi bado yako shambani. Babu mmoja msuka matenga alikuwa anapasulia mianzi kwa kisu kizito, cheusi. Akaniambia chuma chake kilitoka kwenye reli ya karanga. Reli hiyo ilijengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wao ulioanza 1947, walipoota kulima zaidi ya ekari milioni 3 Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimepotea, na baadaye reli nayo ikang'olewa. Basi nikakitaka kisu kile kwa ajili ya hadithi yake. Nikatoa shilingi 5,000. Babu akaitazama noti, akakitazama kisu, akanipa.

Baada ya wiki mbili nikapita tena. Nikamkuta anaazima panga la jirani, na matenga hayajafika hata nusu.

Utasema: lakini ninyi wakusanyaji mnahifadhi ufundi wa wazee, bila ninyi visu hivi vingepotea. Kuna ukweli hapo, na hoja hiyo nimeitumia sana. Ila ufundi wa mhunzi hauhifadhiwi sandukuni. Nikitaka uendelee, nimwagize mhunzi anifulie kipya; yeye apate kazi, na kijana anayemvutia mivukuto ajifunze. Kununua kisu pekee cha mtu kwa sababu ana njaa ni jambo jingine kabisa, hata kama bei tumekubaliana wote wawili.

Kwa hiyo nimejiwekea mipaka. Sinunui kisu ambacho bado kina kazi mkononi mwa mwenyewe. Kikiingia kipya, kimoja kinatoka, tena kinakwenda kwa mtu atakayekitumia. Na idadi naipanga nikiwa nyumbani, kabla sijaona kitu sokoni, maana macho yakishaona akili inakuwa wakili wao.

Kile cha 32 nilikirudisha. Nikamwambia, "Babu, shikamoo. Nimekurudishia kisu chako."

"Marahaba, mjukuu wangu. Lakini mimi nilikuuzia. Ukitaka kunipa, nipe. Usiseme unanirudishia."

Nikasema, "Basi nakupa." Akakipokea, akakijaribu makali kwa kidole gumba, akasema nimekiacha kibutu. Akaanza kukinoa.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mama achague kimoja sandukuni. Bado anachagua. Na wewe msomaji, chini ya kitanda chako kuna nini kinachosubiri?