VIJANA NA CHUMO LA HALALI

 

Ndugu zangu, nilipokuwa Kinna, katika Isiolo, kwa ndugu zetu Waborana, alinijia kijana baada ya sala ya alasiri. Amemaliza skuli miaka mitatu sasa. Amesikia kuwa askari wataandikwa, na yuko mtu aliyemwahidi baba yake kuwa jina la mwanawe litatoka, kwa sharti ya fedha. Baba hana fedha. Ana mitamba miwili, ndiyo iliyosalia zizini. Akaniuliza: "Sheikh, tukiiuza, mshahara wangu utakuwa halali?" Nikamwomba anipe usiku mmoja.

Msimwite mvivu. Katika vita vya shifta, 1963 hata 1967, mifugo ya Waborana wa Isiolo iliteketea, na watu wakakusanywa makambini. Na juzi, baina ya 2020 na 2023, mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, ikafa mifugo zaidi ya milioni 2 katika Kenya. Aliyeyasikia hayo kwa babu yake, kisha akayaona kwa baba yake, huuona mshahara kama kisima kisichokauka. Hata walimao kwa maji ya mfereji, hapo Kinna na Rapsu, hukesha wakiwinga tembo watokao mbuga ya Meru.

Lakini ni nani aliyemfundisha kuwa kazi ni ya kalamu na magwanda tu? Ni sisi. Twasimulia katika darsa kuwa Nabii Daud alifua deraya, kuwa Nabii Zakaria alikuwa seremala, kuwa Mtume wetu aliwachungia watu wa Makka kondoo zao kwa ujira. Twasimulia kuwa Abdurrahman bin Auf alipohajiri Madina alipewa nusu ya mali, naye akaomba aonyeshwe soko tu, akauza samli na jibini. Kisha mposaji akija mlangoni, la kwanza twauliza: "Ameandikwa wapi?" Mimi mwenyewe nimeliuliza. Aliyeulizwa alikuwa fundi wa mashua, na aliondoka kwangu amejiinamia. Basi nanyi wa Mombasa na Lamu, ambao wana wenu waona haya kunuka samaki, msiwacheke watu wa Kinna.

Ama swali lake. Wako wasemao kuwa mtu akizuiliwa haki yake, yafaa atoe mali aikomboe mikononi mwa dhalimu. Ni kweli wanavyuoni wamelitaja, lakini kwa haki iliyokwisha kuthubutu. Nafasi ya kazi haijawa haki ya mtu mpaka achaguliwe. Anayeinunua huenda anampokonya maskini mwenziwe aliye bora kuliko yeye. Na Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kutoa rushwa na mwenye kuipokea. Mshahara wa kazi aifanyayo mtu kweli kweli ni mas-ala mengine, na wanavyuoni wameupambanua na dhambi ya mlango aliouingilia. Illa huyu bado amesimama nje ya mlango, aweza kurudi.

Asubuhi nilikwenda naye kwa baba yake. Mzee alinisikiza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na yule atakayetoa ng'ombe wake, mwanawe akapata, naye utakwenda kumwambia?" Nilinyamaza. Nalikuwa sina la kumjibu.

Mitamba haikuuzwa. Kijana alikwenda kupanga mstari kama wengine, mikono mitupu, na hakuandikwa. Sasa ana kipande cha shamba karibu na mfereji, amepanda vitunguu, na jirani zake wamemkubali awe katika zamu ya maji. Linalompungukia ni mbegu za msimu ujao na waya wa kuzungushia. Mwenye kuweza kumkopesha, kwa mkopo mwema usio na riba, na anione baada ya darsa ya Ijumaa.

Wabillahi taufiq.