Mizani ya Breki na Tawakali
Gari literemkapo kuelekea ziwani hapa Kigoma, na dereva akakanyaga breki, uzito huinamia mbele na magurudumu ya nyuma yakawa mepesi. Basi fundi akizikaza mno breki za nyuma, magurudumu hayo hukwama kabla ya yale ya mbele na gari likapeperuka mkia, ilhali akizilegeza kupita kiasi, gari huchelewa kusimama. Je, kuitafuta kadiri hiyo ni upungufu wa tawakali? Hasha! Mizani, iliyotajwa katika Surat Rahman, ni amana tuliyokabidhiwa, na mwenye kuiamini kadari, naamini kwa yakini, hana ruhusa ya kuipuuza. Enyi madereva wa Ujiji, zipimeni breki zenu, kisha ombeni salama.