Hana Alikula Kabla ya Samweli

Soma 1 Samweli 1:18 polepole. Hana alipotoka hekaluni Shilo alikula, na huzuni ikamtoka usoni. Mimba bado! Samweli anakuja mbele.

Kuna dada zetu hapa Kericho na Bomet wanaoweka bonasi ya chai waende Nairobi kutibiwa. Watoto wa IVF wanazaliwa Kenya tangu 2006. Mimi siamini Mungu anakasirikia sindano. Lakini kiinitete kikishapandikizwa, kuna kama wiki 2 za kungoja kipimo. Hapo ndipo wengi hawali, hawalali, hata ushirika wa nyumbani wanaukwepa, wakiogopa swali letu lile: "Na nyinyi, lini?" Penina bado yuko kanisani, jamani.

Dada, kula. Lala. Tafuta mtu mmoja wa kulia naye. Nanyi wazee, Elkana alisafiri na mkewe. Nendeni mpimwe pia, shida si ya mama peke yake. Eli naye alidhani ni pombe. Sisi wachungaji tuulize kwanza kabla ya kukemea mapepo.

Jumatano saa kumi, majani yakishapimwa, mama mchungaji atakaa na anayetaka kuongea. Hakuna atakayeitwa mbele.