Magauni Sita na Deni la Jirani

Ujumbe uliingia saa nne asubuhi nikiwa kwenye matatu, tumeshapita Lugulu. Mzigo wenu umefika, lipeni ushuru kwanza ndipo muuchukue. Nikasoma kiasi. Nikakisoma tena, nikidhani nimeongeza sifuri moja.

Mzigo wenyewe ulikuwa magauni sita ya wapambe wa bibi harusi. Binamu yangu alikuwa anaolewa, na mimi nilikuwa kwenye kamati, ile ya WhatsApp ambayo kila mtu ana maoni lakini M-Pesa ni ya watu watatu. Mmoja wetu aliyaona mtandaoni, muuzaji yuko China, picha zinang'aa, rangi ile ile bibi harusi aliyoitaka. Magauni yote sita pamoja na usafiri, shilingi 10,000. Fundi wetu wa pale sokoni Misikhu alikuwa ametupa bei ya 2,500 kila gauni, kitambaa kikiwemo. Hiyo ni 15,000. Hesabu ya darasa la nne. Hakuna aliyebisha.

Sasa hesabu ya pili, ile ambayo hatukuipiga. Nguo iliyoshonwa tayari, ikitoka nje ya Afrika Mashariki, hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 35. Hapo ni 3,500. VAT ya asilimia 16 huhesabiwa juu ya bei ukishaongeza ule ushuru, yaani juu ya 13,500, nayo ni 2,160. Ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5, shilingi 250. Tozo ya reli asilimia 2, shilingi 200. Jumla 6,110. Kwa hiyo magauni ya 10,000 yamekuwa ya 16,110, na fundi aliyekuwa ghali ndiye angekuwa nafuu.

Nilikasirika, sikatai. Kwenye kundi letu mmoja akaandika ati serikali sasa itatoza mpaka pumzi. Mwingine akakumbusha Juni 2024, Mswada wa Fedha na vijana barabarani. Lakini hasira ilipopoa, nilibaki na swali ambalo mpaka leo linanisumbua. Je, ule ushuru ulikuwa wa haki? Kuuma kunauma, hilo halina mjadala. Mimi nauliza kama ni haki.

Nianze na upande ambao sikupenda kuusikiliza. Kuna mwenye duka Webuye anayeleta nguo kwa kontena. Yeye hulipa ushuru Mombasa, halafu alipe kodi ya duka, leseni ya kaunti na msichana wa kuuza. Gauni lake likifika kwenye hanga limeshabeba hayo yote. Mimi nikileta gauni lile lile kwa simu, bila kulipa chochote, simshindi kwa ujanja wa biashara. Namshinda kwa sababu yeye amebeba gunia na mimi nimeachiwa nipite mikono mitupu. Kwa hiyo anayesema vitu sawa vitozwe sawa ana hoja, na hoja yake ina uzito.

Ndiyo maana hata Marekani, iliyokuwa ikiruhusu vifurushi vya chini ya dola 800 kuingia bila ushuru, ilifuta msamaha huo kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Ila hapo mambo yanageuka. Siku hiyo hiyo, fundi wa Kenya anayemtumia mteja wa Marekani kikapu kimoja kimoja naye alijikuta ndani. Sisi tukitozwa tunaona uonevu, na wao wakitutoza tunaona uonevu. Ukuta ni mzuri tu ukiwa umejengwa na mtu wa upande wako.

Na hapa kwetu tuna ukuta ambao tunaupenda sana. Ninyi mliokulia Bungoma mnajua: miwa. Sukari kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa ushuru wa asilimia 100. Ile ya nchi za COMESA, ambayo ilipaswa kuingia bure, Kenya iliiombea kinga tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kinga hiyo ikaongezwa mara kwa mara kwa zaidi ya miaka ishirini. Sijawahi kumsikia mzee mmoja wa kijijini kwetu akisema huo ni uonevu kwa mama wa Mombasa anayenunua kilo kwa bei ya juu. Tulisema ni haki yetu. Basi siwezi kutaka ukuta kwa miwa ya baba na mlango wazi kwa magauni yangu, halafu nikajiita mtu wa msimamo.

Lakini hebu tuangalie ule ukuta ulifanya nini. Miaka yote hiyo ya kulindwa, na bado viwanda vya serikali vilizama kwenye madeni, mpaka Mei 2025 Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony vikakodishwa kwa wawekezaji binafsi. Mnunuzi alilipa bei ya ulinzi kila alipokoroga chai. Mkulima aliyetajwa kwenye kila hotuba hakuona unene wa ukuta huo mfukoni mwake. Kumbe kulinda kwa jina na kulinda kwa kweli ni vitu viwili.

Nikarudi kwa fundi wetu. Tunamwita Mama Cherehani, na kibanda chake kinatazama barabara ya Kitale. Ushuru wa asilimia 35 unasemekana ni kwa ajili ya watu kama yeye. Lakini uzi wake unatoka nje. Zipu zinatoka nje. Kitambaa kingi anachoshona kinatoka nje, na hata ile Butterfly anayoikanyaga ni ya China. Malakisi, kaunti hii hii, kulikuwa na kiwanda cha kuchambua pamba, na Kisumu kulikuwa na Kicomi ya kufuma vitambaa. Kicomi ilifungwa, na fundi akaachwa anategemea bandari. Kwa hiyo ushuru uleule unaomkinga mlangoni unamkuta tena kaunta, akinunua vifaa.

Halafu kuna jambo lililoniuma zaidi. Ule ushuru haukumsaidia hata kidogo kupata kazi yetu. Tulipokuwa tunachagua, tuliona 10,000 na 15,000. Ile 6,110 ilijificha mpaka pesa zikawa zimeshaenda na mzigo umeshafika. Kama bei kamili ingekuwa kwenye skrini tangu mwanzo, kamati yetu bahili ingekimbilia kwa Mama Cherehani bila hata kuitisha kikao. Ushuru unaojitokeza mwisho humwadhibu mnunuzi bila kumlinda fundi. Sisi tulipoteza pesa na yeye akapoteza kazi.

Kuna nchi jirani iliyowahi kuchagua waziwazi. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba polepole ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika, na Marekani ikatishia kuondoa nafuu za AGOA. Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia ushuru wake, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Unaweza kusema walikosea. Lakini raia wao waliambiwa wanalipa nini na kwa ajili ya nani. Nadhani hicho ndicho kipimo changu. Ushuru kama huu ni haki pale anayelipa anapouona kabla ya kuchagua, na pale yule anayetajwa kuwa analindwa anapoweza kusema kweli amelindwa. Bila hayo mawili, ni makato tu.

Hata hivyo, siwezi kumalizia kwa kuilaumu serikali, kwa sababu kuna sehemu ya deni hili ambayo si yake. Mama Cherehani alinishonea sare ya shule kwa mkopo, baba akalipa baada ya mavuno. Hakuna muuzaji wa China atakayenifanyia hivyo. Siku ya kamati hilo halikunijia hata kidogo. Niliona tofauti ya 5,000 tu. Hakuna asilimia ya forodha inayoweza kunikumbusha niliyesahau mwenyewe, na nikishalipa ushuru siwezi kusema nimemlipa yeye.

Tulichanga, tukalipa, nikachukua mzigo. Magauni mawili yalikuwa mazuri. Manne yalibana kifuani na kuburuta chini, na harusi ilikuwa Jumamosi.

Mnajua nilikoyapeleka.

"Mulembe, mwanangu," Mama Cherehani aliniambia, akisogeza mkasi nikae. Akalinyanyua la kwanza, akageuza mshono, akauvuta kwa kidole. "Mlinunua pesa ngapi haya?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote, hadi ushuru. Hakucheka wala hakunisema. Alichukua futi, akaniambia wasichana waje kesho asubuhi kupimwa, kila gauni litakuwa shilingi 300. Nilitaka kumpa zaidi, akakataa. Akasema bei ni bei, ila mara nyingine nianze kwake.