Ukufu Si Rangi



Yametufikia malalamiko kutoka Pumwani na Eastleigh kwamba kijana mwenye kuswali na kazi ya halali hupeleka posa akarudishwa kwa weusi wake tu. Wanaomrudisha husema: huo ndio ukufu. Basi na tuutazame huo weupe wanaoupimia watu, umetoka wapi.

Serikali ya kikoloni ya Kenya iliwagawa watu kwa daftari, na daftari likigeuka. Mwaka 1919 ilitunga sheria ya kuwatoa baadhi ya Wasomali katika hesabu ya wenyeji. Katika miaka ya 1930 Waisaaq wa nchi hii wakadai watozwe kodi kubwa ya Waasia, ili wasihesabiwe pamoja na Waafrika. Na kwetu Mombasa, Thenashara Taifa waliandikwa wenyeji, wakashindana miaka mingi waandikwe Waarabu. Ngozi ni ile ile. Iliyogeuka ni kalamu ya karani.

Wala si huku tu. Marekani, siku ambazo sheria yao ya uraia ilitazama rangi, jaji wa Michigan alimnyima uraia Ahmed Hassan wa Yemen mwaka 1942, akisema Waarabu si weupe. Mwaka 1944 jaji wa Massachusetts akamkubali Mohamed Mohriez, Mwarabu vile vile, akisema ni mweupe. Kitu kisichojulikana mpaka wake na mahakimu wa nchi moja, vipi sisi tukifanye mizani ya ndoa za binti zetu?

Atasema msemaji: Mashafii wameutaja ukufu. Kweli, wametaja dini, nasaba, kazi na mengineyo. Lakini katika sharti zao mashuhuri rangi haimo. Tena ukufu ni haki ya mwanamke na walii wake, wakiridhia, huondoka. Fatima binti Qais alikuwa Mkureshi, na Mtume (S.A.W.) ndiye aliyemshauri aolewe na Usama bin Zaid, kijana mweusi, mwana wa huru aliyekuwa mtumwa. Akaolewa, akaona kheri.

Basi enyi mawalii, mcheni Mungu. Binti aliyeridhia mume aliye kufu yake, akazuiliwa na walii bila ya sababu ya sheria, ana haki ya kwenda kwa kadhi. Msiwafikishe huko watoto wenu. Someni Sura ya Hujurat, aya ya 13, mwone utukufu Mwenyezi Mungu ameuweka wapi: ameuweka katika uchaji.

Wabillahi tawfiq.