Gari la Kale na Waliolisukuma

Mwaka jana mtaa wetu ulikusanya picha za kale ili zitundikwe ukumbini. Tuliwaomba wazee watazame makabatini na katika masanduku ya bati, na kwa muda wa mwezi mmoja zikatufikia picha zaidi ya mia: za ubatizo, za kipaimara, za mazishi na za arusi, karibu zote nyeusi na nyeupe, nyingine zimeliwa na mende pembeni. Sisi tuliopewa kazi ya kuzichagua tulikuwa watano, nasi hatuna budi kukiri jambo moja. Kila picha yenye gari ilituchukua dakika kumi. Picha isiyo na gari tuliitazama mara moja, tukashika nyingine.

Twadhani hatukuwa peke yetu katika udhaifu huo. Wawekee wazee watatu mezani picha ya barabara ya Tanga au ya Dar es Salaam ya miaka ya sitini, uone watakavyofanya. Hawataanza na majumba wala na miti. Watasema, "Tazama, Morris!" Na hapo maneno yatafunguka kama maji ya bomba.

Nasi tulifunguka vivyo hivyo. Mmoja alikumbuka Morris Minor, gari dogo la mviringo lililoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na jinsi yale ya mwanzo yalivyokuwa na kimkono kilichochomoka ubavuni kuonyesha kwamba dereva anataka kukata kona. Mwingine alikumbuka Volkswagen yenye mgongo wa kobe, ambayo injini yake ilikuwa nyuma na haikuhitaji rejeta kwa kuwa ilipozwa kwa hewa tu. Watu waliofungua boneti ya mbele kwa mara ya kwanza walidhani injini imeibiwa. Mwingine alitaja Land Rover, iliyovikwa bati la alumini kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Na wote tulikubaliana juu ya Peugeot 404, yenye gia kwenye usukani na mapezi mawili nyuma kama samaki. Hiyo ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, wakati ambapo mashindano hayo yalikuwa ya Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1966 na 1967 aliyeshika usukani alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, na redio zetu zilituambia habari zake kama habari za ndugu. Mwaka 1963, na tena 1968, magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Basi mtu akisema 404 ilikuwa gari imara, hasemi uongo.

Katika picha zile ilikuwamo moja ya arusi ya mwaka 1967. Maharusi wamekaa ndani ya gari jeupe lililofungwa utepe, mbele ya mlango wa kanisa. Palitokea ubishi: ni 404 au ni 504? Ubishi ulikwisha pale mwenzetu mmoja alipotukumbusha kwamba 504 ilitoka kiwandani mwaka 1968, kwa hiyo haikuwapo siku ile. Tulijua hata mwenye gari. Lilikuwa la karani wa shamba la mkonge, naye alilitoa siku hiyo liwabebe maharusi. Tulipendezwa sana. Tulikwisha kuchora mstari kwa kalamu ya risasi mahali ambapo picha itakatwa, kwa sababu nyuma ya gari palikuwa na watu watatu waliopinda migongo, nusu wamo pichani na nusu wako nje, nao tuliona wanaharibu umbo la gari.

Kijana mmoja wa kwaya, aliyekuwa akitusaidia kupigilia fremu, akauliza, "Wazee wangu, na hawa wanaosukuma ni akina nani?"

Hatukuwa na jibu. Tulijua mwaka wa gari, rangi yake, mwenye gari, na gia zake zinaingiaje. Waliolisukuma hatukuwajua hata mmoja.

Mama mmoja aliyekuwa ametuletea chai akaweka birika chini, akasogea, akaikazia picha macho kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Huyu wa kati ni kaka yangu." Akatueleza kwamba alikuwa mkata mkonge. Betri ya gari ilikuwa imekufa, nao walisukuma mpaka mteremkoni; likawaka, likaenda zake na maharusi. Wao walikuja karamuni kwa miguu, na walipofika watu walikuwa wamekwisha kunawa mikono. Alifariki mwaka 1974, watoto wake wakiwa wadogo mno. Katika ukoo mzima haikuwapo picha yake hata moja. Watoto wale leo ni watu wazima wenye wajukuu, na hawaijui sura ya baba yao.

Tuliufuta ule mstari wa kalamu bila kutazamana usoni.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: je, ni vema kuwa na hamu ya mambo ya kale? Wako wasemao kwamba hamu hiyo ni upuuzi. Wanatukumbusha wana wa Israeli kule jangwani, waliokumbuka samaki, matango na vitunguu vya Misri, wakasahau matofali na fimbo. Na kwa habari ya magari wana haki. Magari yale tunayoyasifu, mengi hayakuwa na mikanda ya kujifungia, ingawa mkanda wa sehemu tatu ulikwisha kutiwa katika magari ya Volvo mwaka 1959. Ajali ambayo leo mtu hutoka na jeraha, siku zile alitoka akiwa maiti. Petroli yake ilitiwa risasi, sumu inayodhuru akili za watoto. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliiacha mwanzoni mwa mwaka 2006, na duniani kote ilikoma mwaka 2021. Tena tunayaita magari ya kila siku. Ya kila siku kwa nani? Wengi wetu tulikwenda kwa miguu, na aliyebahatika alipanda basi. Zimo miongoni mwa picha zile kadhaa za vijana waliosimama kwa majivuno, mkono juu ya boneti, na hakuna hata mmoja ambaye gari lilikuwa lake. Mwenye gari alikuwa dukani, nao walijipiga picha upesi kabla hajatoka.

Lakini wako pia wasemao kwamba mtu asiyetamani chochote cha jana hakuna alichokipenda jana. Nao wana haki. Gari la zamani fundi aliweza kulifungua chini ya mwembe kwa spana chache na bisibisi, na kijana aliyesimama karibu akitazama alijifunza kazi. Na gari lilipokwama njiani, dereva wa pili alisimama, hata kama hamjuani, akatoa kamba, au maji, au chumvi ya kulia kiporo alichofungiwa na mkewe. Hayo tuliyaona kwa macho yetu. Hatuwezi kuambiwa kwamba tumeyaota.

Hata hivyo na tuwe wakweli. Dereva yule hakusimama kwa sababu watu wa zamani walikuwa watakatifu kutushinda. Alisimama kwa sababu gari lake nalo lingekwama kesho, naye alilijua hilo. Ubovu wa mashine ndio uliotufundisha kuhitajiana. Kwa hiyo tunapotazama picha na kuona moyo umejaa, mara nyingi kinachotujaza si lile bati. Ni ile hali ya kujua kwamba ukikwama utasukumwa. Na kama ndivyo, basi wa kukumbukwa kwanza ni wasukumaji. Sisi tulifanya kinyume. Tulikumbuka kilichosukumwa, tukataka kuwakata waliosukuma.

Mtu aweza kutuuliza: je, ni kosa gani kupenda gari kama gari? Mtoto apendaye ndege hana deni kwa mtega ndege. Twakubali, kupenda kitu kilichotengenezwa vizuri si dhambi, na aliyekibuni na aliyekifunga nati anastahili sifa yake. Lakini picha haitupi gari peke yake. Siku zile filamu ilikuwa na picha 12 au 36, nayo ilikuwa ghali; kila mara mpiga picha alipobonyeza alikuwa akitumia fedha, kwa hiyo alielekeza kamera yake kwa bibi arusi na kwa gari. Yule ndugu hakupigwa picha. Aliingia kwa bahati, kwa sababu alikuwa kazini. Kama sisi nasi tungalimwondoa, tungalikuwa tumemnyima hata ile nafasi ambayo ubahili wa filamu ulishindwa kumnyima.

Basi twaona ya kwamba kosa la hamu ya kale halimo katika kupenda. Kosa ni kuchagua kwa niaba ya wote nani alikuwapo na nani hakuwapo. Mtu akikumbuka hivyo, anajijengea kijiji cha jana ambamo kila mtu alipanda gari na hakuna aliyekuja karamuni amechelewa. Kijiji hicho hakikuwapo, na mtu akikitamani ataichukia bure siku ya leo. Lakini kumbukumbu inayouliza majina ni namna ya kulipa deni. Haiwezi kumrudishia mtu karamu aliyoikosa mwaka 1967. Yaweza kuwapa watoto wake uso wa baba yao, na hilo si dogo. Siku mama yule alipowaleta watu wa ukoo wake ukumbini, mmoja wao, mzee mwenye mvi, alisimama mbele ya picha akajishika kidevu, kisha akamshika kidevu mwanawe. Hakusema neno.

Nasi leo tuna kamera mfukoni. Katika arusi moja hupigwa picha mia tano, na kukata pembe ya picha ni kazi ya kidole kimoja. Twawaondoa wapishi, mwosha vyombo, utingo wa basi lililoleta wageni, kijana wa bodaboda aliyekimbizwa dukani kufuata soda. Hatuwachukii, wanaharibu umbo tu. Miaka hamsini ijayo wajukuu wetu watacheka na kufurahia magari yetu ya leo, watajua ni ya mwaka gani na yalikuwa yakinywa mafuta kiasi gani. Na mtoto mmoja atauliza, "Na hawa ni akina nani?"

Kwa hiyo twawaomba, ndugu wasomaji, jambo lililo ndani ya uwezo wa kila mmoja. Itoeni ile bahasha ya picha iliyo chini ya godoro, mketi na mzee angali ana macho na kumbukumbu. Furahieni magari, bishaneni kuhusu 404 na 504, wala msione haya. Kisha mwulizeni majina ya walio pembeni, mmoja mmoja, na kuyaandika nyuma ya picha kwa kalamu ya risasi, maana wino hupenya. Picha ya arusi ile imetundikwa ukumbini nzima, haikukatwa. Majina mawili kati ya yale matatu yamekwisha kupatikana. Anayemjua yule wa kushoto, mwenye kofia, na atuambie.