Watu Kumi na Pipa Moja

"Ustadhi, mwanangu yuko Makerere, mwaka wa tatu. Ada yake yote imetoka kwenye pipa. Elimu hiyo ni haramu?"

Mama aliyeniuliza hivyo anaishi Bwaise, karibu na mfereji wa Nsooba, na kazi yake ni kupika pombe kali ya waragi. Aliniuliza baada ya darasa la akina mama, wenzake walipokwisha kutoka, viatu vyake bado mkononi. Mimi nafundisha dini ya Kiislamu katika sekondari moja hapa Kampala, na kwa asili ni Mnubi wa Bombo. Jibu la haraka nilikuwa nalo, kila mtoto wa madrasa analo. Sikulitoa, kwa sababu na mimi nimesomeshwa kwa pipa.

Aliyenisomesha ni bibi yangu. Sisi Wanubi bibi tunamwita haboba. Alikuwa msusi wa tabaga, yale makawa ya rangi yanayotundikwa ukutani katika kila nyumba ya Kinubi, lakini tabaga moja husukwa kwa siku nyingi na mnunuzi huja msimu wa harusi. Pipa lilileta pesa wiki hadi wiki. Alikuwa na nguo mbili za gurbaba, moja ya kazini, iliyojaa moshi na harufu ya chachu, na moja ya sala. Adhana ya alasiri ikilia alivua ile, akaoga, akavaa hii, akaswali, kisha akarudi kwenye moto. Waragi yenyewe hakuionja hata tone. Aliipima kwa kuimwaga kidogo kwenye makaa: ikiwaka buluu imeiva, ikichemka kama maji inarudi chunguni. Na pesa zake alizitenga. Za pipa zilikwenda sokoni na shuleni. Za tabaga aliziweka kwenye mkebe wake, akasema hizo ni za hija. Mkebe haukujaa, na hija hakwenda. Tulipokuwa wadogo tuliona ni utaratibu wa mtu mzima na vitu vyake. Sasa naelewa kwamba fatwa alikwisha kujitolea mwenyewe, zamani, kabla sijasoma kitabu hata kimoja cha fiqhi.

Ujuzi wa kupika hakuutoa Buganda. Askari wa Kisudani waliokuwa wa Emin Pasha, ambao Kapteni Lugard aliwachukua huko Ziwa Albert mwaka 1891, walikuja na wake zao, na wake zao walijua kupika araki. Kwao Sudan araki hupikwa kwa tende. Hapa hawakukuta tende, wakakuta mbidde, ndizi ambayo Waganda hawaili bali huikamua kwa nyasi na kuchanganya maji yake na unga wa mtama uliokaangwa, hadi yachache yawe tonto. Tonto ilikuwapo kabla ya mgeni yeyote, ikinywewa harusini na msibani na kupelekwa kwa mkwe. Araki ya wake wa askari ilipokutana na tonto ya wenyeji, ikazaliwa enguli, ambayo baadaye nchi nzima iliiita waragi. Kutoka hapo kila upande ukafuata shamba lake. Kaskazini wanapika kwa muhogo. Upande wa Jinja na Kakira, kwenye mashamba ya miwa, wanapika kwa molasi. Huku kwetu na Ankole ni ndizi. Bwaise ya leo inatumia molasi na sukari guru, maana ndizi mjini ni ghali. Wapishi wenyewe hawahitaji kuambiwa jerikeni limetoka wapi, wanalinusa tu.

Nilipokuwa nalitafakari swali la yule mama nilisoma habari za Uskoti, nchi ambayo dunia nzima inaijua kwa wiski. Maandishi ya zamani kabisa yanayojulikana kuhusu kinywaji hicho huko ni ya mwaka 1494, katika hesabu za hazina ya mfalme, na anayetajwa kupewa kimea cha kupikia ni mtawa, Ndugu John Cor. Baadaye sana vijiji vya milimani vilipika kwa siri na kuwakimbia watoza ushuru, kama tunavyojua sisi habari ya kukimbia. Sheria ya 1823 ikafanya leseni ipatikane kwa urahisi. Mwaka uliofuata mkulima mmoja wa bonde la Glenlivet, George Smith, akachukua yake, na ikabidi atembee na bastola kwa sababu majirani waliokuwa wakipika gizani walitishia kumchomea kiwanda. Leo jina la bonde lile liko kwenye chupa. Kanuni za Uingereza za 2009 zinataja maeneo matano ya wiski ya Uskoti na kuyalinda majina yake, na wa kisiwa cha Islay hujivunia moshi wa mboji unaokaushia shayiri yao.

Sisi nasi tulitunga sheria. Miaka ya 1960 Bunge la Uganda lilipitisha Sheria ya Enguli, ikakataza kupika bila leseni. Wenye leseni wakawa wanakiuzia kiwanda, nacho kikaipika upya, kikaisafisha, kikaitia kwenye chupa kwa jina la Uganda Waragi. Chupa hiyo leo hutoka Luzira, chini ya Uganda Breweries, inauzwa madukani na uwanja wa ndege, na wageni huibeba kama kumbukumbu ya nchi. Asiye na leseni akabaki mhalifu. Nakumbuka usiku ambao pipa la haboba lilipinduliwa na watu wenye sare, na asubuhi yake mmoja wao alirudi kuchukua chake. Kule mlimani sheria ilimpandisha mkulima pamoja na jina la bonde lake. Huku kwetu ilichukua ujuzi wa wanawake ikawaachia moshi.

Msomaji asifikiri naiombea lebo waragi ya haboba. Kwangu mimi hiyo ni khamr, na khamr ni haramu, iwe ndani ya chupa yenye stempu ya ushuru au ndani ya jerikeni la njano. Ninachokataa ni dhambi kupewa anwani moja tu.

Kuna hadithi aliyoisimulia Anas bin Malik, imo katika mkusanyo wa Tirmidhi, ambayo ndani yake watu kumi wanalaaniwa kwa sababu ya pombe: anayekamua, anayeagiza ikamuliwe, anayekunywa, anayeibeba, anayepelekewa, anayeimimina, anayeiuza, anayekula thamani yake, anayeinunua na anayenunuliwa. Nimeisikia ikitajwa katika khutba mara nyingi, na karibu kila mara vidole vinaelekea Bwaise, Kisenyi, Katanga, kwa mwanamke mwenye pipa. Yeye ni mmoja, au tuseme wawili, maana anapika na anauza. Wengine wanane wako wapi? Kijana wa boda boda anayesafirisha majerikeni alfajiri amekaa safu ya pili msikitini. Mwenye nyumba anapokea kodi akijua inatoka wapi. Anayekula thamani yake ni hazina ya taifa, ambayo hukusanya ushuru wa pombe kila mwezi na kutulipa mishahara sisi walimu. Ni mwenye hisa. Ni klabu ya mpira inayovaa nembo ya kinywaji kifuani. Mimi mwenyewe nimo humo, kwa mshahara. Hadithi ile imemwandama kila aliyeshika mnyororo, kuanzia shinani hadi kwa mlipaji, na sisi tumeikata tukabaki na kipande cha maskini.

Mwenzangu wa ofisi ya walimu, Mkatoliki wa Rubaga, nilipomweleza swali la yule mama alinikumbusha watawa wa Chartreuse, Ufaransa. Wanaishi kimya, wanaamka usiku kusali, na monasteri yao inaendeshwa kwa mauzo ya kileo cha majani chenye nguvu ya asilimia 55. Kisha akanieleza mafundisho ya Mtakatifu Alfonso wa Liguori, kwamba kuna kushiriki uovu kwa kuutaka na kuna kushiriki kwa tendo tu bila kuutaka. Mama wa Bwaise hataki mtu alewe, alisema, anataka ada. Nilimwelewa, na ninaona imani yao imempa mpishi nafasi ambayo yetu haikumpa. Walokole nao, tangu uamsho wa miaka ya 1930, wameifunga nafasi hiyo kwa nguvu kuliko sisi.

Lakini hoja ya nia hainitoshi, na anayenizuia ni haboba. Yeye aliwajua wanywaji wake kwa majina. Alijua nani kauza mbuzi, mke wa nani analala na njaa, mtoto wa nani amerudishwa kutoka shule. Kuna watu aliowafukuza kibarazani. Mtu akija na pesa ambazo yeye anajua ni za dawa ya mtoto, alimwambia, "Baba, nenda dispensari, hapa leo hakuna kitu," na pipa limejaa. Kiwanda hakiwezi kumfukuza mtu. Hakimwoni. Kinauza katoni kwa duka la jumla, duka la jumla linauzia kibanda, na kibanda hakiulizi. Je, aliye karibu na madhara ana mzigo mkubwa zaidi kwa kuwa anayaona, au mdogo zaidi kwa kuwa anaweza kuyazuia na mara nyingine huyazuia? Nimekwenda na swali hilo huku na huku. Naona kwamba ujuzi wake ulimzidishia wajibu, na kwamba aliutimiza kwa kiasi ambacho mwenye kiwanda hana hata njia ya kukitimiza. Kazi haikuwa halali kwa hilo. Ila ilikuwa na mlinzi mlangoni, na tumeipeleka biashara nzima mahali pasipo na mlinzi.

Matunda ya mahali hapo tumeyaona. Mwaka 2010, Kabale, watu wapatao 80 walikufa kwa waragi iliyotiwa methanoli. Mwaka 2019 serikali ilipiga marufuku viroba, miaka miwili baada ya Tanzania, kwa sababu mfuko mdogo wa plastiki uliingia hadi kwenye begi la mwanafunzi wa shule ya msingi. Mswada wa mbunge Sarah Opendi wa kuweka saa za kuuza pombe ulikataliwa bungeni mwaka 2024. Viroba havikupikwa Bwaise. Vilifungwa na mashine.

Basi mama nimjibu nini? Kuhusu mtoto, nilimjibu wiki iliyofuata na sikusita: elimu yake si haramu. Wanazuoni wametofautiana juu ya mali ya haramu inapohamia kwa mrithi au kwa anayelishwa, na Imamu Ghazali ametenga kitabu kizima cha Ihya kwa ajili ya halali na haramu, lakini mimi nawafuata wanaosema kwamba dhima inabaki kwa aliyechuma. Mtoto anayelelewa na mama yake haulizwi risiti. Akimaliza, akapata kazi safi, amtunze mama yake ili asirudi kwenye moto.

Kuhusu pipa, ilinibidi nimwambie lililo zito. Pombe ilipoharamishwa Madina, Abu Talha alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya pombe ya mayatima waliyorithi. Akaambiwa aimwage. Akauliza, nisiifanye siki? Akaambiwa hapana. Hao ni mayatima, na hiyo ilikuwa mali yao. Siwezi kusimama mbele ya riwaya hiyo nikamwambia mama apike mihula iliyobaki kisha atubu. Aliniangalia akasema, "Sawa, Ustadhi. Na muhula huu nani analipa?"

Swali hilo la pili ndilo la dini kweli. Qur'ani haikuikataza pombe kwa siku moja. Kwanza iliwaambia watu kwamba ina faida na madhara, na madhara ni makubwa kuliko faida. Kisha ikawakataza kusogelea sala wakiwa wamelewa. Mwisho ndipo likaja katazo kamili, na watu wakamwaga mpaka njia za Madina zikalowa. Waliomwaga hawakuwa peke yao. Walikuwa katika mji ambao mtu wa Madina alikwisha kugawana nyumba na mali yake na mhajiri wa Makka. Tunataka kuichukua aya ya mwisho kutoka mji ule na kuuacha undugu ulioifanya ibebeke.

Mtu aliyezama kwenye deni ametajwa waziwazi katika Sura ya Tauba, aya ya 60, miongoni mwa makundi manane yanayostahili zaka. Mama mwenye deni la ada na nia ya kuacha pipa ni mmoja wao, bila kuhitaji ijtihadi mpya. Naziomba kamati za zaka za Bwaise, Kawempe na Kibuli zifanye hivi Ramadhani ijayo: ziende kwa akina mama hao kwa adabu, kupitia wanawake wenzao, ziandike deni la ada la kila anayetaka kuacha, zilipe moja kwa moja chuoni au shuleni, na zimpe mtaji wa kazi nyingine kabla pipa halijamwagwa, si baada yake. Naomba waumini wenye nyumba za kupangisha mitaa hiyo wasamehe kodi ya miezi mitatu kwa kila anayeacha. Na nawaomba makhatibu wenzangu, tunapoisoma hadithi ya wale kumi, tuisome hadi mwisho, tuwataje wote.

Mimi nimeanza na ada ya muhula mmoja. Imebaki miwili.